Kupunguza gharama za chakula cha familia Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kuanza

Tuanzie wapi? Kila mwezi hela ya chakula inaisha tarehe 20.

Anzeni na daftari kabla ya kubana chochote. Kwa wiki mbili andikeni kila kilichonunuliwa: kitu, kipimo, bei, na mahali kiliponunuliwa. Nyanya za shilingi 1,000 ziandikwe, na kitunguu kimoja alichotumwa mtoto saa moja jioni kiandikwe pia. Wiki moja haitoshi, kwa sababu sukari na mafuta hununuliwa kwa vipindi na vinaweza kuruka wiki nzima.

Baada ya wiki mbili, gawanyeni matumizi katika mafungu manne: chakula kikuu (posho yaani ugali, matoke, mchele, viazi), kitoweo (maharage, njugu, samaki, nyama, mboga), vitu vya dukani (sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, sabuni), na moto (makaa, gesi, umeme). Watu wengi hulisahau fungu la nne, kisha wanashangaa kwamba maharage "ya bei nafuu" yamewagharimu sawa na samaki. Yameiva kwa saa tatu juu ya sigiri, na hayo makaa hayakuandikwa popote.

Tupange kwa bei ya kilo au bei ya mlo?

Sokoni linganisheni kwa kilo, nyumbani pangeni kwa mlo. Kilo ya matoke ina maganda. Zaidi ya theluthi ya uzito wa ndizi mbichi huishia kwa mbuzi wa jirani. Kilo ya unga wa posho huingia yote chunguni na kunywa maji. Kwa familia ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, mlo mmoja huchukua karibu kilo moja ya unga, au gramu 600 hivi za maharage makavu. Pimeni mara moja kwa mizani ya duka, wekeni alama kwenye kikombe chenu, halafu msipime tena.

Tupunguze nini kwanza?

Kilichoharibika. Nyanya zilizooza, ubwabwa uliochacha, mkate ulioota ukungu: hiyo ni hela iliyolipwa na haikulisha mtu. Kinachofuata ni vipimo vidogo vidogo. Nyama na maziwa ya watoto yaje mwisho kabisa, ingawa wengi huanzia hapo kwa sababu bei yake inaonekana kwa macho.

## Vipimo na mizani

Kikombe, fungu, debe au kilo: kipi kina nafuu?

Karibu mara zote kilo, mradi mizani ni ya kweli. Kikombe cha plastiki ambacho wengi wanakiita Tumpeco huchukua nusu lita. Lita moja ya maharage makavu ina uzito wa gramu 750 hadi 800, kwa hiyo kikombe hicho kikisawazishwa ni karibu gramu 400. Tuseme kikombe kinauzwa 2,000: kilo mnainunua kwa 5,000. Kama jirani wa muuzaji huyo ana mizani na kilo ni 4,200, mnapoteza 800 kwa kila kilo bila kuona.

Debe ni lita 20, yaani kilo 15 au 16 za maharage likisawazishwa, na kilo moja au mbili zaidi likijazwa kilima. Tatizo la debe ni chini yake: likibonyezwa kuelekea ndani linapoteza ujazo. Pitisheni mkono kitakoni kabla halijajazwa. Muuzaji mkweli hakasiriki.

Fungu linafaa kwa mboga, nyanya na bilinganya tu, vitu ambavyo mnaviona vyote. Angalieni vilivyo chini ya fungu, siyo vya juu vilivyopangwa kupendeza.

Tutajuaje kwamba mizani haituibii?

Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, kila mwaka na kuwekwa alama ya ukaguzi, itafuteni. Lakini kipimo cha haraka ni chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa yenyewe ni gramu chache tu. Iwekeni juu ya mizani: isome kilo moja na nusu na kidogo. Ikisoma 1.7, kila kilo "mnayonunua" pale inapungua. Angalieni pia kama mshale ulikuwa kwenye sifuri kabla ya kuweka kitu.

Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa lita na kwa kilo. Yapi yana bei nzuri?

Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920, basi kilo moja ni lita 1.09 hivi. Bei ya lita ikiwa 8,000, bei inayolingana nayo kwa kilo ni kama 8,700. Zaidi ya hapo, nunueni kwa lita.

Jerikani kubwa huwa na bei nzuri kwa lita, lakini lina mtego wake: likikaa jikoni, mkono wa mpishi unakuwa mrefu. Dawa ni kumimina mafuta kwenye chupa ya lita moja na kukubaliana chupa hiyo ni ya wiki. Kwa watu sita hiyo ni karibu mililita 24 kwa kila mtu kwa siku, na inatosha kukaanga vitunguu bila kuogelea.

"Nyongeza" ni haki yetu au ni fadhila?

Ni desturi. Neno lenyewe linaeleweka hata kwa Kiganda, *ennyongeza*, na wateja wanaorudi kwa muuzaji mmoja huipata bila kuidai. Kwa asiyejua Kiganda, maneno matatu yanatosha kwenye masoko ya Kampala kama Kalerwe au Nakasero: *mmeka?* ni bei gani, *kendeezaako* ni punguza kidogo, *nnyongerako* ni niongezee. Ombeni kupunguziwa kwanza. Ikishindikana ndipo muombe nyongeza. Kwenye vitu vinavyooza, jioni, nyongeza mara nyingi inazidi punguzo.

## Mahali pa kununulia

Je, inafaa kwenda soko kubwa, au tuendelee na duka la mtaani?

Fanyeni hesabu ya boda. Kwenda na kurudi kukigharimu 6,000, na tofauti ya bei ikiwa 500 kwa kilo, inabidi kununua kilo 12 ili tu kurudisha nauli. Faida inaanzia kilo ya 13. Kwa hiyo soko kubwa ni la mara moja au mbili kwa mwezi na kwa orodha nzito: Owino, Nakawa au Kalerwe kwa vyakula vibichi, Kisenyi kwa unga na nafaka, Kikuubo kwa vitu vya dukani kwa jumla. Nje ya Kampala mantiki ni ileile. Siku ya mnada au gulio ndiyo siku ya orodha nzito.

Mboga za majani msiziweke kwenye orodha hiyo. Nakati na dodo zinanyauka kesho yake. Hizo ni za mama wa pembeni ya barabara.

Saa ngapi bei ziko chini?

Asubuhi na mapema, magari yanaposhusha, kwa anayenunua kwa wingi. Jioni, wauzaji wanapofunga, kwa anayenunua nyanya na mboga za kupika usiku uleule. Saa sita mchana hakuna anayepata nafuu. Mvua kubwa ikinyesha mikoani, magari yanachelewa na bei ya matoke inapanda kwa siku mbili tatu. Mkiweza, kuleni posho mpaka itulie.

Na supamaketi?

Ina nafuu kwa vitu vichache: sabuni, unga wa ngano, mchele wa pakiti siku za ofa. Someni tarehe ya mwisho ya matumizi, maana ofa nyingi ni za vitu vinavyokaribia kuisha muda, na si kosa kuvinunua kama vitaliwa wiki hiyo. Linganisheni bei kwa kilo, kwa kuwa pakiti ya gramu 900 husimama kando ya pakiti ya kilo moja kama pacha wake.

Kutoa hela kwenye simu kila siku kuna hasara?

Ipo, na haionekani. Ada ya kutoa hupangwa kwa madaraja ya kiasi, hivyo kutoa 10,000 mara tano kunagharimu zaidi ya kutoa 50,000 mara moja. Juu yake serikali inakata ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Toeni mara moja kwa wiki, au lipeni moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka pale inapokubaliwa, baada ya kuuliza kama mwenye duka anaongeza chochote kwenye bei.

## Msimu na akiba

Ni miezi gani tununue maharage na mahindi?

Sehemu kubwa ya kusini na kati ya Uganda ina mvua mbili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba au Desemba mwanzoni. Maharage mapya huingia sokoni Juni, kisha tena Desemba na Januari. Mahindi hufuata, Julai na Agosti, halafu Januari. Bei huwa chini wiki chache baada ya mavuno na juu kabla ya mavuno yanayofuata, yaani karibu na Aprili–Mei na Oktoba–Novemba. Kaskazini mvua ni ya kipindi kirefu kimoja zaidi, na simsim na njugu za Lango na Acholi hujaa mwishoni mwa mwaka.

Msinunue siku ya kwanza ya mavuno. Maharage ya wiki ya kwanza yana maji, mnalipia uzito wa maji, na yataoza kwenye gunia.

Tununue kiasi gani?

Chukueni gramu 600 kwa mlo, mara nne kwa wiki. Hiyo ni kilo 2.4 kwa wiki, au kilo 62 kwa miezi sita. Gunia la kilo 100 ni kubwa mno kwa nyumba moja ya watu sita. Gawaneni na jirani. Mkinunua mara mbili kwa mwaka, Juni–Julai na Januari, hamhitaji kabisa kununua maharage kwa kikombe.

Wadudu walitulia gunia zima la maharage mwaka jana. Tufanye nini?

Bungo wa maharage huja na maharage yenyewe kutoka shambani. Anahitaji hewa, kwa hiyo mnyimeni hewa.

Kwanza hakikisheni ukavu. Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tieni vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, jazeni maharage hadi theluthi, tikiseni dakika tatu, acheni dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, maharage bado yana unyevu. Anikeni tena juu ya turubai, kamwe siyo juu ya udongo.

Yakiwa makavu na yamepoa, yajazeni kwenye majerikani ya lita 20 yaliyooshwa na kukauka kabisa, mpaka shingoni, yakitikiswa yashuke, kisha mfunge kwa nguvu na kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) chini ya kifuniko. Kilo 62 huingia kwenye majerikani manne. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki na kufa. Fungueni moja tu kwa wakati. Hiyo ndiyo sababu majerikani manne ni bora kuliko gunia moja linalofunguliwa kila siku. Magunia ya PICS, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na kila mfuko hufungwa peke yake. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote.

Msitie dawa ya shambani kwenye chakula, hata muuzaji akiapa kwamba "ni kidogo tu".

## Chakula kimoja kimoja

Unga wa posho: namba 1 au usiokobolewa?

Kilo 100 za mahindi zikikobolewa kwa namba 1 hutoa takriban kilo 60 hadi 70 za unga. Zikisagwa nzima hutoa karibu zote. Usiokobolewa una nyuzinyuzi zaidi na unashibisha, lakini kiini cha mbegu kina mafuta yanayochacha, basi sageni wa wiki mbili au tatu tu. Mkipeleka mahindi yenu mashineni, chukueni pumba zenu. Ni chakula cha kuku, na kinu kisipoulizwa hubaki nazo.

Mahindi yenye ukungu, hata kwa nusu ya bei, yaacheni. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kupikwa.

Njugu za kusaga: tununue za tayari?

Hapana, isipokuwa mnamjua anayesaga. Unga wa njugu huchanganywa kwa urahisi na unga wa mahindi au muhogo, na njugu zilizosinyaa au zenye ukungu hazionekani zikishasagwa. Nunueni punje, chagueni mbovu mzitupe, kisha sagisheni mbele yenu pale pale sokoni. Onyo la sumukuvu hapo juu linahusu njugu zaidi ya chakula kingine chochote jikoni.

Nyama imepanda. Tupate wapi protini?

Mukene. Samaki hawa wadogo wakavu huliwa na mifupa yao, na kilo moja huenda mbali. Tofauti ya bei inatokana na mchanga: waliokaushwa juu ya chandarua ni safi, waliokaushwa chini wana mchanga na wengi huenda kwenye chakula cha kuku. Shikeni konzi moja na kuiangushia kwenye karatasi nyeupe, mtaona. Osheni kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, kaangeni kavu kidogo, kisha tieni kwenye mchuzi wa njugu. Kwa watoto wasiotaka kuona vichwa, sageni mukene mtie kijiko kimoja kimoja.

Mifupa ya sangara inayobaki viwandani hutoa supu nzuri kwa bei ndogo, lakini inunuliwe asubuhi na ipikwe siku hiyohiyo. Mayai: hesabuni bei ya trei kwa 30 kabla ya kuamini bei ya yai moja dukani.

Tuchaguaje mkungu wa matoke?

Vidole vilivyojaa na kuzunguka, siyo vyenye kona kali. Vyenye kona vilikatwa kabla ya wakati. Vina maganda mengi na havilainiki vizuri. Mkungu mzima una nafuu kuliko vichane, lakini kama hamtaumaliza kwa siku nne au tano, nunueni nusu na jirani. Uwekeni kivulini, penye hewa, nje ya kaveera. Vidole vikianza kuiva, pikeni hivyo kwanza.

## Moto

Maharage yanamaliza makaa. Tutafanyaje?

Lowekeni usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha mwage yale maji. Hilo peke yake hupunguza sana muda wa kuchemka. Kisha pikeni ya siku mbili kwa moto mmoja: chemsheni yote matupu, muunge nusu leo. Bila friji, nusu ya pili ichemshwe tena asubuhi na jioni. Yaliyokwisha kuungwa kwa njugu hayalali.

Kikapu cha kupikia kinafanya kazi vizuri kwa maharage yaliyolowekwa: yachemke kwa nguvu dakika 20, sufuria ifunikwe, ifungiwe ndani ya kikapu chenye blanketi au majani ya migomba makavu kwa saa tatu au nne, kisha ichemshwe tena kabla ya kula. Kikishindikana, sababu ni moja kati ya tatu: sufuria haikujaa, kifuniko kilifunguliwa kuchungulia, au maharage ni ya zamani. Maharage yaliyokaa zaidi ya mwaka hupoteza mng'ao na huwa magumu hata yakichemshwa mchana kutwa. Hayo ni ya bei rahisi kwa sababu inayojulikana.

Gesi, umeme au makaa?

Makaa kwa gunia yana nafuu kuliko kwa mkebe, lakini mwageni kidogo muangalie vumbi la chini. Gesi: linganisheni bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 na wa 13 kwa kugawa kwa kilo, na mpime mtungi, kwa kuwa uzito wake ukiwa mtupu umechapishwa juu yake. Umeme una daraja maalumu la kupikia, kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi, ambalo ni la bei ndogo kuliko daraja lililotangulia. Nyumba inayotumia uniti 40 haifaidiki nalo. Nyumba yenye friji na sufuria ya presha ya umeme inaweza kulifikia.

## Hali za pekee

Mume anaacha hela ya kameeza, yaani ya chakula cha siku, kila asubuhi. Tutanunuaje kwa jumla?

Wekeni 1,000 pembeni kila siku, na msubiri. Mwisho wa mwezi ni 30,000. Anzeni na kitu kisichooza na kisicholiwa na wageni: sabuni ya mche. Ikatwe vipande na iachwe hewani wiki mbili. Ikikauka haiyeyuki haraka. Hela ya sabuni isiyotoka tena kila wiki inaingia kwenye kopo la sukari, kisha mafuta, kisha maharage ya Juni. Wanawake watano wakifanya hivyo pamoja wanaweza kugawana gunia la sukari la kilo 50, kilo 10 kila mmoja. Gawaneni kwa mizani, siku hiyohiyo, wote mkiwepo. Vikundi vingi huvunjikia hapo.

Nyama ya Krismasi au Idi kwa kikundi: hesabu ikoje?

Ng'ombe wa kienyeji hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito wake akiwa hai. Dume la kilo 300 ni kilo 150 hivi. Familia kumi zinapata kilo 15 kila moja, na utumbo, kichwa na miguu vinagawanywa au kuuzwa kando. Ngozi ni ya nani, mchinjaji atalipwa nini na daktari wa mifugo ataitwa na nani, yaandikwe kabla. Nunueni wiki tatu nne kabla ya sikukuu kama mna pa kumlisha, kwa kuwa bei ya wiki ya mwisho hula akiba yote.

Tunakaa Busia. Tununue upande wa Kenya?

Kwa baadhi ya vitu, wiki nyingine ndiyo, nyingine hapana. Badilisheni bei kuwa shilingi ya Uganda kwa kiwango atakachowapa mbadilishaji, siyo cha redioni, kisha mgawe kwa kilo: unga wa ngano na wa mahindi kule huja zaidi kwa pakiti za kilo 2. Mkibadilisha hela zaidi ya mnayotumia, mtakatwa tena wakati wa kurudisha. Na mwende na kikapu. Kenya imepiga marufuku mifuko ya kaveera tangu 2017.

Hatuna shamba. Kuna maana ya kulima kwenye gunia?

Kwa mboga, ndiyo. Jazeni gunia kuukuu udongo na samadi iliyooza, debe tatu kwa moja, na katikati msimamishe nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini. Toboeni matundu pembeni kila baada ya shubiri moja, mpande sukuma wiki. Juu pandeni dodo, ambayo huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia, ya sabuni hapana. Kosa la kawaida ni kumwagilia juu tu bila nguzo ya kokoto: miche ya chini inakauka, na gunia linalaumiwa.